Bei ya Nyumba Si Bei Yote

Ndugu Wafanya Kazi,

Siku hizi kila wanapokutana wafanya kazi, gatini, kiwandani, kwenye karakana au maofisini, haipiti saa bila mtu kutaja habari ya nyumba. Kila mmoja amechoka na kodi. Mshahara waingia kwa mkono huu na kutoka kwa mkono ule, na baada ya miaka 20 ya kulipa kodi mtu hana hata tofali moja la kumwonyesha mtoto wake. Kwa hiyo memba wetu wengi wameanza kuweka akiba, wengine katika ushirika wa akiba na mikopo, wengine katika benki, ili wanunue nyumba zao wenyewe. Hilo ni jambo jema, nasi twawapongeza.

Tena si jambo geni kwetu. Habari ya mahali pa kulala imekuwa katika madai ya wafanya kazi wa nchi hii tangu zamani. Mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa walipogoma, posho ya nyumba ilikuwa mojawapo ya mambo waliyodai. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa, au amlipe pesa za kutosha kupanga nyumba ya namna hiyo. Haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni, watu waliipigania. Lakini posho hiyo ni ya kupanga. Kununua ni njia nyingine, na katika njia hiyo kuna shimo ambalo hakuna anayemwonyesha mfanya kazi mpaka awe amekwisha tumbukia.

Shimo lenyewe ni gharama za sheria. Bei unayotajiwa na mwenye nyumba siyo pesa utakazotoa. Juu ya bei kuna ushuru wa Serikali, kuna wakili wako, kuna wakili wa benki, kuna mthamini, kuna ada za rejista. Mtu asiyejua haya hupatwa na mojawapo ya mambo mawili. Ama hukwama katikati, ametoa malipo ya kwanza na hana pesa za kumalizia. Ama hujaribu kuokoa pesa kwa kumkwepa wakili na kuacha kuchungua hati, na mwisho hupoteza nyumba na akiba pamoja. Hili la pili ndilo baya zaidi, na ndilo twataka kulizungumza leo bila kuficha.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano. Mfanya kazi anataka fleti ndogo mjini kwa shilingi 3,000,000. Benki imekubali kumkopesha 2,700,000, na yeye atoe sehemu moja ya kumi, yaani 300,000. Ameweka akiba miaka mingi na hizo 300,000 anazo. Afikiri amefika. Hajafika. Hebu tumhesabie.

1. Ushuru wa stempu. Huu ni wa Serikali, nao ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Kwa fleti yetu ni shilingi 120,000.

2. Wakili wa mnunuzi. Ada za mawakili zimewekwa kwa amri ya sheria, na wakili haruhusiwi kutoza chini ya kiwango kile. Kwa nyumba ya bei hii hesabu asilimia 2, yaani 60,000. Juu ya ada hiyo kuna kodi ya VAT ya asilimia 16, yaani 9,600. Jumla 69,600.

3. Wakili wa benki. Benki haikupi pesa mpaka wakili wake aandike hati ya rehani juu ya nyumba yako, na anayemlipa wakili huyo ni wewe uliyekopa. Tuseme kwa mfano ni 40,000, na VAT 6,400. Jumla 46,400.

4. Ushuru wa stempu juu ya hati ya rehani. Huu ni mdogo, asilimia 0.1 ya mkopo. Kwa mkopo wetu ni 2,700.

5. Ada ya benki ya kutengeneza mkopo. Tuseme ni asilimia 1, yaani 27,000.

6. Mthamini wa benki. Tuseme 15,000.

7. Kuchungua rejista, kuandikisha, vyeti na gharama ndogo ndogo. Tuseme 10,000.

Viwango vya ushuru na vya VAT ni vya sheria. Pale tuliposema "tuseme" ni makadirio yetu, na kila benki na kila kazi ina hesabu yake. Lakini jumlisheni wenyewe: ni shilingi 290,700. Ndugu huyu alidhani anahitaji akiba ya 300,000, na kumbe anahitaji karibu 600,000. Anahitaji akiba mbili, si moja. Na bado hatujataja bima ya maisha na ya moto ambazo benki huzitaka, wala pesa za utunzaji wa jengo ambazo wenye fleti huzidai mapema.

Watu wengine wasema, "Basi nitakopa hizo gharama mahali pengine." Ngojeni kidogo. Sheria ya Ajira hairuhusu makato yote ya mshahara kupita theluthi mbili. Mfanya kazi ambaye tayari anakatwa kodi ya mapato, bima ya afya, akiba ya uzeeni, pesa za nyumba za Serikali na mkopo wa benki, hana nafasi kubwa iliyobaki. Akikimbilia wakopeshaji wa mitaani au wa simu, riba itamla kabla hajapata ufunguo.

Wengine nao huambiwa na dalali, "Tuandike bei ndogo kwenye karatasi, ushuru upungue." Msikubali. Kwanza ni udanganyifu. Pili haufai kitu, maana mthamini wa Serikali hukadiria thamani mwenyewe, na makadirio yake yakizidi bei mliyoandika, ushuru hutozwa juu ya makadirio yake. Tatu, mambo yakiharibika na ukadai pesa zako, karatasi yako mwenyewe itasema ulilipa kidogo. Utakuwa umejifunga kwa kamba yako.

PESA HIZI ZANUNUA NINI?

Memba mmoja mmoja huja ofisini na kuuliza kwa hasira: "Kwa nini nimlipe wakili pesa zote hizo kwa kuandika karatasi mbili?" Swali ni la haki, nasi tutalijibu.

Humlipi kwa kuandika. Wamlipa atazame kabla hujatoa pesa, na azishike pesa zako mpaka haki yako iwe mkononi mwako. Mapatano ya kuuziana ardhi lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na yawe na shahidi. Sheria ya mikataba yasema hivyo. Maneno ya kinywa na kupeana mkono mbele ya wazee havitoshi mahakamani. Tena mtu asiye wakili haruhusiwi na sheria kuandika hati za kuhamisha ardhi kwa malipo. Ile karatasi dalali anayoichapisha dukani kwa shilingi mia mbili, akaigonga muhuri wa mpira, itakusaidia nini siku ya shida?

Wakili mwema hufanya kazi hizi. Huchungua rejista, jambo ambalo wengi huliita sachi, aone mwenye hati ni nani, kama kuna rehani, kama kuna zuio la mahakama. Kwa Nairobi na sehemu nyingine kadhaa kazi hii hupita katika mtandao wa Serikali uitwao Ardhisasa, ulioanzishwa mwaka 2021. Kwingine ni kwenda ofisi ya rejista. Hutaka cheti cha kaunti kuonyesha kwamba kodi ya ardhi haina deni, na kama ardhi ni ya kukodishwa na Serikali, cheti cha kodi hiyo pia. Hutaka idhini ya mume au mke wa muuzaji, maana nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja kwa siri. Na kama ni shamba lililo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, huhakikisha idhini ya bodi inaombwa kabla miezi 6 haijapita tangu mapatano. Idhini isipopatikana, mauzo hayo ni bure mbele ya sheria. Utabaki kudai pesa zako kama deni, na kudai ni kazi nyingine.

Na ule ushuru wa stempu? Hapo twakubali kwamba ni mzigo. Lakini jueni maana yake. Hati isiyopigwa stempu haipokewi mahakamani kuwa ushahidi. Ushuru wapaswa kulipwa katika siku 30 tangu hati kutiwa sahihi, na ukichelewa kuna faini. Kwa hiyo pesa za stempu ziwe tayari kabla ya kalamu kushika karatasi.

Tazameni sasa mambo yaliyotokea. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, juu ya kiwanja cha pwani huko Nyali. Kampuni ilikuwa imenunua na hati ilikuwa nayo. Mahakama ilisema hati peke yake haitoshi ikiwa mzizi wake una kasoro. Ardhi ile ilikuwa ya watu wote na iligawiwa bila kufuata sheria, basi aliyenunua baadaye hakulindwa. Maana yake kwetu ni hii: haitoshi kuona hati inang'aa na kwamba jina la rejista ni la muuzaji. Ni lazima kuuliza, yeye aliipata wapi, na yule wa kabla yake aliipata wapi?

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama hiyo hiyo ilisema barua ya kugawiwa ardhi si hati ya kumiliki, wala mwenye barua hiyo hana umiliki wa kumwuzia mtu mwingine. Hata hivyo barua hizo zinauzwa kila siku katika mitaa yetu, nao wafanya kazi wanazinunua kwa sababu bei yake ni ndogo.

Kisha mwezi wa Oktoba 2023, huko Mavoko, nyumba nyingi zilibomolewa katika ardhi ya kiwanda cha East African Portland Cement, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ni ya kiwanda. Wengi wa waliobomolewa walisema walinunua ploti zao kwa pesa zao, na karatasi walikuwa nazo. Hatuwacheki hata kidogo. Wengi wao ni watu kama sisi, waliojenga tofali kwa tofali kutoka mshahara. Lakini tusipojifunza kwa msiba huo, tutausubiri wetu.

Kule Pwani kuna jambo jingine la kuangaliwa, nalo ni nyumba bila ardhi. Mtu huuziwa nyumba Mombasa kwa bei nzuri, na baadaye atambua kwamba amenunua kuta na bati tu. Ardhi ni ya mtu mwingine anayemtoza kodi ya kiwanja. Huenda mnunuzi aliridhika na hali hiyo. Lakini aridhike akijua, asije akajua baada ya kulipa. Hali kadhalika kwa fleti: tangu Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 ianze kufanya kazi, mwenye fleti anaweza kupata hati ya sehemu yake mwenyewe. Muulize anayekuuzia: je, hati hiyo nitapata, na lini? Akijibu kwa kuzunguka, na wewe zunguka uende zako.

HAYA SI YA WAKUBWA PEKE YAO

Tunajua wako watakaosema: "Mambo ya mawakili na rehani ni ya matajiri. Sisi twanunua ploti kidogo kidogo." Kweli mikopo ya nyumba ya benki ni michache, mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa kama elfu 30 tu katika nchi nzima. Wafanya kazi wengi hupitia ushirika, au kikundi, au hununua ploti kwa malipo ya mwezi mwezi na kujenga polepole.

Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuhitaji wakili zaidi, wala si sababu ya kumwacha. Mtu akikopa benki, benki humtuma wakili wake na mthamini wake kutazama, maana hawataki kupoteza pesa zao. Huyo aliyekopa hupata kinga kidogo kwa mgongo wa benki. Mfanya kazi anayelipa ploti kwa pesa taslimu hana mtu anayetazama kwa niaba yake. Akikosea, kosa lote ni lake. Ndugu mwenye pesa kidogo ndiye asiye na nafasi ya kukosea.

Wako pia watakaosema kwamba mawakili wenyewe ndio wezi. Hatutasema wote ni malaika. Tumesikia ya wakili aliyekaa na pesa za mteja hata mteja akazeeka. Dawa yake si kumkimbilia dalali ambaye hana leseni wala ofisi. Dawa ni kuhakikisha kwa Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba huyo bwana ana ruhusa ya kazi ya mwaka huu. Kudai hesabu yake kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Na kutaka risiti kwa kila shilingi. Ikiwa hesabu yaonekana kupita kiasi, una haki kuomba afisa wa mahakama aipime. Na ikiwa amekukosea, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambako mtu hupeleka malalamiko yake bila kulipa.

MAHALI PA KUPUNGUZA

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hata hivyo hatusemi kila gharama ilipwe kwa kuinamisha kichwa. Kuna mahali pa kupunguza, na ni haki yako kupunguza.

Kwanza, usimlipie muuzaji wakili wake. Kawaida ni kila upande umlipe wa kwake. Lakini baadhi ya kampuni zinazojenga fleti huandika katika mapatano kwamba mnunuzi atalipa na wakili wa kampuni pia. Soma kifungu hicho, ukikatae, au udai bei ipunguzwe kwa kiasi hicho.

Pili, kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji. Tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida aliyopata. Usikubali kuambiwa "tugawane". Faida ni yake, na kodi ni yake.

Tatu, madeni ya kodi ya ardhi ya miaka iliyopita ni ya muuzaji. Yalipwe kabla ya uhamisho, na iandikwe hivyo katika mapatano.

Nne, uliza benki tatu, si moja, na katika kila moja uliza swali hili: "Mbali na riba, nitatoa pesa ngapi mpaka nipate ufunguo?" Wape karatasi waandike. Ndipo utakapoona tofauti.

Tano, kama wanunua nyumba ya mpango wa Serikali wa nyumba za bei nafuu, na ni nyumba yako ya kwanza, sheria imekusamehe ushuru wa stempu. Usikubali kutozwa.

Sita, kama uko katika mfuko wa uzeeni wa kazini, kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yako, isipite shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kukaa. Lakini fikiri sana, maana akiba ya uzeeni ukiila leo haitakuwako kesho. Na riba ya mkopo wa nyumba unayokaa mwenyewe, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, huondolewa katika mapato yanayotozwa kodi. Mwambie karani wa mishahara. Asipoambiwa huenda hatafanya.

Hayo ndiyo mahali pa kupunguza. Kuchungua rejista, kuandika mapatano, kupata idhini na kupiga stempu si mahali pa kupunguza. Dalali atakuambia kinyume chake, kwa maana yeye hulipwa siku ile ile ya mauzo na baada ya hapo humwoni tena.

MADAI YETU

Basi chama kifanye nini? Hatuwezi kuwaambia memba "jihadharini" na kunyamaza. Hizi ndizo fikira zetu, na twataka zijadiliwe katika matawi yote.

La kwanza ni kwa Serikali. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mfanya kazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Kila mwenye mshahara hukatwa, apende asipende, apate nyumba hizo asipate. Lakini msamaha wa ushuru wa stempu ni wa yule tu anayenunua ndani ya mpango. Mwenzake aliyekatwa pesa zile zile, akanunua nyumba yake ya kwanza mahali pengine kwa jasho lake, atozwe asilimia 4 nzima. Haki iko wapi? Twadai kila mfanya kazi anayenunua nyumba yake ya kwanza ya kukaa, ya bei ya kawaida, asamehewe ushuru huo, awe ndani ya mpango au nje. Hatuombi sadaka, tayari tumelipa.

La pili ni kwa waajiri. Mapatano ya pamoja yatakapojadiliwa tena, twataka kifungu cha mkopo usio na riba kwa gharama za sheria za nyumba ya kwanza, ukatwe kidogo kidogo kwa miezi 24 au zaidi. Mwajiri hatapoteza kitu. Mfanya kazi mwenye kwake hahamihami kazi, na fikira zake hazikai kwa mwenye nyumba.

La tatu ni kwa wanaouza. Katika matangazo yao na karatasi zao, waandike bei na gharama zote za mnunuzi, si bei peke yake kwa herufi kubwa. Duka la sukari huandika bei yote. Kwa nini anayeuza nyumba ya mamilioni afiche nusu?

La nne ni kwetu sisi wenyewe. Kila tawi liwe na orodha ya mawakili waliothibitishwa, ambao memba wamepata kazi nzuri kwao. Ushirika wetu wa akiba na mikopo uanzishe akiba maalumu ya gharama za sheria, tofauti na akiba ya malipo ya kwanza, ili memba ajue tangu mwanzo kwamba ana vibuyu viwili vya kujaza. Na memba 10 wakitaka ploti katika shamba moja, wasiende mmoja mmoja gizani. Waende pamoja, wachungue mzizi wa hati pamoja, na wagawane gharama ya kuchungua. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

MWISHO

Ndugu, wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba ni mali kubwa kuliko zote ambazo mfanya kazi atapata kununua maishani mwake. Haifai inunuliwe kwa haraka kuliko tunavyonunua baiskeli.

Kwa hiyo twawaomba jambo moja ambalo si gumu. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya nyumba au ploti, na kabla ya kutoa hata shilingi ya "kushika nafasi", leteni karatasi hiyo katika ofisi ya tawi. Hatutawatoza kitu. Tutakaa na ninyi, tutaandika hesabu yote upande mmoja na akiba yenu upande wa pili, nasi tutaona pamoja kama zimelingana. Zikilingana, nendeni kwa wakili mkanunue, nasi tutafurahi. Zisipolingana, ngojeni mwaka mmoja. Nyumba nyingine zitajengwa, lakini akiba ya miaka 15 ikishapotea, hakuna miaka 15 mingine ya kuirudisha.

Umoja ni nguvu.